Kisu cha Ndizi na Jedwali la Elementi

 

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja likizo. Yuko kidato cha sita, mchepuo wa PCB, na mtihani wa majaribio u karibu. Asubuhi moja nilimkuta barazani, daftari mapajani, macho kayafumba, midomo inakwenda: skandiamu, titaniamu, vanadiamu, kromiamu, manganizi, chuma, kobalti, nikeli, shaba, zinki. Akifika zinki anarudi mwanzo, kama mtoto wa komunyo ya kwanza anayeogopa kuulizwa na padri.

Bibi yake alikuwa hapohapo, hatua tatu tu, anamenya ndizi za mchana. Alimsikiliza mpaka masikio yakachoka. Akamwuliza, "Baba, hao unaowaita tangu asubuhi ni akina nani?"

"Si watu, Bibi. Ni metali. Zinaitwa elementi za mpito."

Bibi akainua kisu chake. Ni kisu cha zamani, kilichofuliwa na mhunzi, na makali yake yamekuwa meusi kama yaliyochovywa kwenye wino. "Haya, niambie basi. Kwa nini kisu hiki hugeuka cheusi nikimenya ndizi, na kile cha dukani hakigeuki?"

Kijana akanigeukia. Nilifundisha kemia miaka mingi kabla sijastaafu, akadhani nitamwokoa. Nikanyamaza. Jibu lilikuwa katika daftari lake, ukurasa uleule aliokuwa akiukariri, ila hakujua kwamba ukurasa ule unazungumza habari za kisu cha bibi yake.

Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya leo. Mada hii, elementi za mpito na ndugu zao wa ndani, wanafunzi wetu wengi huiona ngumu kuliko zote. Nami nasema ndiyo mada ambayo mtoto wa Kagera angepaswa kuiona nyepesi, kwa kuwa amezaliwa katikati yake.

Tuanze na jina lenyewe. Mpito wa nini? Kijana anayelala bwenini haelezwi habari za dabo deka, kwa hiyo nilimweleza kwa bweni. Ichukulie atomu kuwa shule ya bweni na elektroni kuwa wanafunzi. Katika elementi nyingi mgeni akija hupewa kitanda kwenye bweni la nje, karibu na geti. Ukifika kwenye elementi za mpito, utaratibu hubadilika. Bweni la nje kwa kawaida limeshapata wawili wake, na wageni wanapelekwa bweni la nyuma yake, ambalo wanakemia huliita d. Bweni d lina dabo deka 5, yaani nafasi 10. Ndiyo sababu mstari ule anaouimba kijana una elementi 10, si 9 wala 11.

Sasa angalia kinachotokea siku ya kuondoka. Sodiamu ina elektroni moja getini. Ikishaitoa, habari yake imekwisha. Chuma si hivyo. Kina elektroni 26: mbili ziko getini, 6 ziko bweni d, zilizobaki zimelala ndani zaidi. Kwanza hutoa zile mbili za getini. Kikibanwa zaidi, hutoa na ya tatu, inayotoka bweni d. Ikishaondoka hiyo, bweni d linabaki na elektroni 5, kila moja na dabo deka yake, hakuna aliyelala juu ya mwenzake. Hapo bweni linatulia. Kwa hiyo chuma kikiachwa hewani penye unyevu huenda hadi hali hiyo ya tatu, na safari hiyo sisi tunaiita kutu.

Basi hiyo ndiyo tabia kubwa ya ukoo huu: karibu kila mmoja ana hali zaidi ya moja. Manganizi inaweza kutoa mbili, ikawa na rangi hafifu ya waridi, na inaweza kufika hadi 7, ikawa ile zambarau kali ya potasiamu pamanganeti mnayoiona maabara. Metali ni ileile, iliyobadilika ni hali yake. Na rangi inatoka wapi? Mara nyingi mwanga ukipita huinua elektroni kutoka nafasi ya chini kwenda nafasi ya juu ndani ya bweni lilelile d. Sehemu ya mwanga iliyotumika kwa kazi hiyo haikufikii machoni, unaona iliyobaki. Ili elektroni ihame, lazima pawe na kitanda kitupu. Zinki bweni lake d limejaa, zote 10 zipo, na hata ikitoa zile mbili za getini bweni d halijaguswa. Hakuna wa kuhama, hakuna rangi. Chumvi za zinki ni nyeupe. Kwa sababu hiyohiyo wanakemia wanasema zinki imekaa mstari mmoja na elementi za mpito bila kuwa mmoja wao. Watahini wanalipenda sana swali hilo.

Turudi kwa kisu cha Bibi. Utomvu wa ndizi mbichi una tanini nyingi. Ndiyo inayokaza ulimi ukionja ndizi isiyoiva. Kisu kilichofuliwa na mhunzi hakina kinga, na utomvu unapokigusa chembe za chuma huachia elektroni na kushikana na tanini. Zikishikana, rangi yake ni nyeusi yenye ubuluu. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walitengeneza wino wa kuandikia kwa njia hiyohiyo, wakichanganya chumvi ya chuma na tanini ya vinundu vya mti wa mwaloni. Kwa hiyo niliposema makali ya kisu cha Bibi ni kama yaliyochovywa kwenye wino, nilikuwa nimesema kweli tupu ya kemia.

Kile cha dukani kimechanganywa na kromiamu, isiyopungua sehemu 10 hivi katika kila 100. Kromiamu hujitandazia juu ya kisu ngozi nyembamba sana ya oksidi, isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia utomvu na maji kukifikia chuma. Jamaa wawili wa mstari mmoja: wa namba 24 anamlinda wa namba 26.

Lakini mkono wa Bibi nao ulikuwa mweusi, na mkono si chuma. Na ndizi iliyomenywa ikiachwa kwenye ungo nayo hubadilika, ikawa ya kahawia. Hapo mwenye kazi ni shaba. Ndani ya ndizi mna kimeng'enya ambacho katikati yake zimekaa atomu za shaba, nacho huchukua oksijeni ya hewani na kuzigeuza zile fenoli za ndizi. Shaba inaweza kazi hiyo kwa kuwa ina hali mbili, inapokea na kutoa, inapokea na kutoa, bila yenyewe kwisha. Bibi aliposikia hayo akauliza, "Kumbe ndiyo maana tunaziloweka?" Ndiyo maana, mama. Maji yanaizuia hewa. Akina mama wa Buhaya wanaijua hila hiyo bila kusubiri kidato cha sita.

Sasa twende maabara. Kila mwanafunzi wa kemia anajua zoezi la kutambua chumvi. Unadondoshea soda kali, ile haidroksaidi ya sodiamu. Ikitokea mashapo ya kijani kilichochafuka, ni chuma kilichotoa elektroni mbili. Yakitokea ya kahawia nyekundu, ni chuma kilichotoa tatu. Na ukiacha yale ya kijani kwenye hewa, juu yake yanaanza kuwa kahawia mbele ya macho yako. Vijana wanakariri rangi hizo kama namba za simu. Wangetoka nje wakaangalia. Barabara inapokatwa kilimani unaona udongo mwekundu. Hapo hewa inapita, chuma kimefika hali ya tatu. Teremka bondeni kwenye matete, chimba kwenye tope lililojaa maji: udongo ni wa kijivu, wakati mwingine una ukijani, kwa kuwa hewa haifiki na chuma kimebaki hali ya pili. Ziko chemchemi ambazo maji yake yanatoka maangavu, yakikaa kwenye ndoo usiku kucha yanaacha utando wa rangi ya kutu, na shuka nyeupe ikifuliwa humo hugeuka manjano. Ni jaribio lilelile la bomba la kioo, ila limefanyika kwenye ndoo.

Na somo hili lina faida kwa afya. Mama mjamzito akienda kliniki hupewa vidonge vya kuongeza damu. Chuma kilichomo kwa kawaida ni kile cha hali ya pili, kwa kuwa utumbo hukipokea kwa urahisi kuliko cha hali ya tatu. Chungwa au pera linalosindikiza maharage husaidia, kwa kuwa vitamini C hukirudisha chuma kwenye hali hiyo ya pili. Chai ya rangi inayonywewa papo hapo na chakula hudhuru, kwa kuwa tanini yake hukikamata chuma tumboni kama utomvu wa ndizi unavyokikamata kwenye kisu. Chai tunayo, tena inalimwa hapahapa kwetu. Tuinywe, lakini tuiache isubiri kidogo baada ya mlo.

Lugha yetu nayo ina mtego wake. Sote tunasema nyumba ya bati. Bati lenyewe, metali ya namba 50, ndilo linalochimbwa Kyerwa, na si elementi ya mpito hata kidogo. Paa lako halina bati. Paa lako ni chuma kilichopakwa zinki, na siku hizi mengine hupakwa zinki pamoja na alumini. Huku pwani ya ziwa, ambako mvua ya mwaka hufikia milimita 2,000 hivi, chuma kitupu kisingemaliza miaka mingi. Zinki hukilinda kwa kujitoa yenyewe: ina wepesi wa kuachia elektroni kuliko chuma, basi unyevu huila yenyewe kwanza. Ndiyo maana paa lililochubuka kidogo halishiki kutu mara moja pale penye mchubuko. Siku zinki ikiisha, ndipo wekundu unapoanza kuteremka na maji ya mvua hadi kwenye pipa.

Kahawa nayo ina somo lake. Ugonjwa wa kutu ya majani si kutu ya chuma, ni ukungu. Robusta yetu inauvumilia, arabika inaumia. Mkulima wa arabika akienda duka la pembejeo ataambiwa kuna kopa nyekundu na kopa ya buluu. Nyekundu ni oksidi ya shaba iliyotoa elektroni moja. Bweni lake d limejaa, basi wekundu huo hautokani na kuhama ndani ya d. Ya buluu ni shaba iliyotoa mbili. Bweni lake d limebaki na nafasi moja tupu. Rafu moja ya duka, metali moja, hali mbili. Hata mrututu, ule wa mawe ya buluu, ni shaba ya hali ya pili. Mwalimu akikosa kemikali, sampuli nyingine ziko kwa muuza pembejeo. Tena ziko na onyo lake la sumu, nalo lisomwe.

Wasikilizaji, nimefika mahali ambapo nataka kukaa kidogo. Kuna kijiji kinaitwa Katuruka, pale Maruku, Bukoba Vijijini. Palikuwa na makao ya Mukama Rugomora Mahe wa Kyamutwara, aliyetawala karne ya 17. Simulizi za wazee zinasema aliwakusanya wafua chuma wamjengee mnara wa kufika mbinguni. Mahali pa kazi hiyo paliitwa Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma, na hapo ukasimama mti ulioheshimiwa vizazi na vizazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaja mtafiti wa Kimarekani, Peter Schmidt. Wazee walimwonyesha mti, naye akachimba palipoelekezwa. Alichokikuta kilikuwa cha zamani kuliko Rugomora mwenyewe kwa karne nyingi: mkaa, mavi ya chuma, masalia ya kazi ya moto. Wazee walikuwa wameihifadhi habari ya mahali kwa mdomo tu, na ardhi ikawa shahidi wao. Tanuru nyingine za kale zikafukuliwa Kemondo.

Miaka ya 1970 Schmidt na mtaalamu wa metali, Donald Avery, waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma tena. Wazee hao walikuwa wameshaacha miongo mingi, tangu vyuma vya wageni vilipojaa sokoni. Wakakumbushana. Wakachimba shimo, wakalisiliba kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa udongo huo hustahimili moto. Wakachoma matete ya bondeni humo shimoni mpaka yakawa mkaa. Juu wakajenga tanuru, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani yake, wakaunganisha mivukuto, wakapanga mkaa na mawe ya chuma yaliyokwisha kuchomwa. Kisha wakavuta hewa kwa zamu, saa baada ya saa.

Sasa msikilize kilichotokea mle ndani, wewe wa kidato cha sita. Mkaa ukiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo hunyang'anya oksijeni kwenye jiwe la chuma. Chuma kinachokaa hali ya tatu kinateremka hadi hali ya pili. Sehemu yake hushikana na mchanga na kuwa mavi ya chuma, yanayotiririka. Sehemu nyingine inateremka zaidi, hadi sifuri, ikawa chuma chenyewe. Tatu, mbili, sifuri. Ni ngazi ileile ya kwenye daftari, ila wazee wetu waliishuka kutoka juu kwenda chini kwa mivukuto ya mkono. Na mkaa wa yale matete ulikitia chuma kaboni, kikawa kigumu, kikawa chuma cha pua.

Schmidt na Avery walichapisha habari hizo Septemba 1978 katika jarida la Science la Marekani, wakisema teknolojia hii ilikuwapo Buhaya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Walidai pia kwamba ile mirija iliyozama tanuruni iliipasha hewa joto kabla haijafika kwenye moto, jambo ambalo Ulaya ililigundua karne ya 19. Hapo wataalamu wenzao wakawapinga, na ubishi uliendelea kwa miaka. Mimi sioni aibu kuusema ubishi huo, maana sayansi ndivyo inavyokwenda. Ubishi ulihusu joto la hewa. Kwamba chuma kilitengenezwa hapa, tena kwa ustadi, hilo halikuwa la kubishaniwa.

Swali langu ni hili. Mzee yule alijua kitu bila kujua neno. Mjukuu wake anajua neno bila kujua kitu. Ni nani kati yao atakayefaulu mtihani? Mjukuu. Ni nani kati yao angeweza kukupa jembe? Mnalijua jibu.

Nisije nikaeleweka kwamba napenda ya kale tu. Mkoa wetu una mambo mapya. Kule Ngara, kwenye miamba ya Kabanga, kuna nikeli. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa mradi huo, ikapata hisa 16 kwa 100 katika kampuni ya Tembo Nickel. Lakini si nikeli peke yake. Jiwe lile lina chuma, kobalti, nikeli na shaba kwa pamoja, zikiwa zimeshikwa na salfa. Chuma ni namba 26, kobalti 27, nikeli 28, shaba 29. Majirani wanne wa kwenye jedwali ni majirani wanne wa kwenye jiwe! Wanafanana ukubwa na tabia, kwa hiyo walipoganda kutoka kwenye uji wa miamba walikwenda pamoja. Mtoto akiuliza mpangilio wa jedwali una maana gani, mwonyeshe Ngara kwenye ramani.

Sasa zile za ndani. Kwenye jedwali la ukutani kuna mistari miwili iliyochorwa chini kabisa, imejitenga, kama vitu vilivyosukumwa mvunguni. Wanafunzi wengi huiruka. Wahenga walishasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hizo ndizo elementi za mpito za ndani: lanthanidi, namba 57 hadi 71, na aktinidi, namba 89 hadi 103. Kwa hizi, mgeni hapelekwi bweni la nyuma ya lile la nje. Anapelekwa la nyuma yake tena, bweni f, lenye dabo deka 7, nafasi 14. Mabadiliko yote yako ndani kabisa, na getini wanaonekana wamoja. Kwa hiyo lanthanidi wanafanana mno, na kuwatenganisha kuliwatoa jasho wanakemia wa karne ya 19.

Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach wa Austria alichukua kitu kilichodhaniwa kuwa elementi moja, akakigawa mara mbili. Kimoja akakiita praseodimiamu, maana yake pacha wa kijani. Cha pili neodimiamu, pacha mpya. Huku kwetu pacha hawakosi majina, na Kato na Nyakato wamejaa kila kijiji. Basi neodimiamu ni Kato wa kemia. Mapacha hao wako pia Tanzania, kwenye kilima cha Ngualla mkoani Songwe, ambacho kilipata leseni kubwa ya uchimbaji mwaka 2023.

Lakini kitu cha bwana huyo kilichofika kwetu mapema zaidi kimo ndani ya karabai. Kile kijifuko cheupe cha nyuzi kinachofungwa ndani ya taa, kinachobaki jivu tupu ukikiwasha na bado kikang'aa kama jua, alikibuni yeye. Mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliokubali: oksidi ya thoriamu sehemu 99 na ya seriamu sehemu 1. Thoriamu ni aktinidi, seriamu ni lanthanidi. Kwa miaka na miaka wavuvi wa dagaa wa visiwa vya Bumbire na Goziba walikuwa wakisubiri giza lisilo na mwezi, wakaingia ziwani na karabai zao, na ziwa likawa kama mji. Dagaa walikuwa wanaifuata nuru ya ile mistari ya mvunguni. Thoriamu ina mnururisho kidogo, kwa hiyo watengenezaji wengi baadaye waliiacha wakatumia itriamu.

Siku hizi wavuvi wengi wametoka kwenye karabai, wanatumia taa za sola. Mtasema seriamu imestaafu. Haijastaafu. Taa nyeupe ya kisasa ndani yake ina kipande kinachotoa mwanga wa buluu, na juu yake umepakwa unga wa manjano wenye seriamu. Unga huo hugeuza sehemu ya ule ubuluu kuwa manjano, na jicho likivichanganya linaona weupe. Mvuvi amebadili taa, elementi imebaki ileile. Na anapowasha sigara kwa kiberiti cha gesi, kile kijiwe kinachotoa cheche ni seriamu na ndugu zake wakiwa wamechanganywa na chuma. Nacho ni uvumbuzi wa bwana yuleyule, mwaka 1903.

Urani mnaijua, nayo ni aktinidi. Iko Namtumbo, mkoani Ruvuma. Na ya Shinkolobwe, kule Katanga, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Si kila kilicho mvunguni ni cha kuchezea.

Na sauti hii inayokufikia? Kama unanisikiliza kwa redio ya kawaida, spika yake ina sumaku ya oksidi ya chuma. Kama unanisikiliza kwa simu, umechomeka spika za masikioni, karibu hakika sumaku yake ina neodimiamu. Wa kwanza ananisikia kwa elementi ya mpito, wa pili kwa elementi ya mpito ya ndani. Hakuna anayenisikia bila ukoo huu.

Namaliza kwa maneno matatu. Kwa walimu: mtihani ni wa Kiingereza na utabaki kuwa na masharti yake, lakini hakuna sharti linalomkataza mtoto kuelewa kwanza kwa lugha anayoiotea ndoto. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yapo. Na basi la shule likipatikana kwa ziara, Katuruka si mbali.

Kwa wazazi: mtoto akija likizo msimwondolee kazi zote eti asome. Mpeni ndizi amenye, mpeni paa la kukagua, mtumeni duka la pembejeo akasome lebo.

Kwa wanafunzi: kabla hujakariri mstari ule kwa mara ya ishirini, chukua visu viwili, cha mhunzi na cha dukani. Menya ndizi moja kwa kila kisu, viweke chini pasipo kuvifuta, subiri nusu saa, kisha andika ulichokiona. Ukiweza kueleza tofauti yake kwa sentensi tano, elementi za mpito umeshazijua. Mjukuu wangu aliandika nne, na Bibi akamwambia aongeze ya tano.